Muswada wangu umerudishwa baada ya siku nne: nilikosea wapi, na niuandae vipi upya?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilihitimu shahada ya uzamili mwaka jana. Tasnifu yangu ilihusu uchafuzi wa maji katika visima vifupi, nikilinganisha majira ya mvua na ya kiangazi. Kwa ushauri wa msimamizi wangu niliipunguza hadi maneno elfu tisa na majedwali kumi na manne, nikaituma kwenye jarida kubwa la sayansi ya mazingira. Siku ya nne mhariri aliirudisha bila kuipeleka kwa wahakiki, yaani wataalamu wa fani wanaoitathmini kazi kabla haijachapishwa, akasema mchango wake haueleweki na mada haiendani na jarida. Sasa nimepokea barua pepe ya jarida jingine linaloahidi kunichapisha ndani ya wiki moja nikilipa ada. Je, nilikosea wapi? Na je, ninaweza kuutuma muswada kwa majarida mawili kwa pamoja ili nisipoteze muda?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kurudishiwa kazi uliyoihangaikia. Nianze na zile siku nne, kwa sababu naona zimekuumiza kuliko mengine yote. Mhariri anayeurudisha muswada mapema hajakudharau. Amekuokolea miezi ambayo ungeisubiri ili hatimaye wahakiki wawili wakuambie jambo lilelile alilolibaini yeye kwa kusoma kichwa cha makala, ikisiri (muhtasari mfupi ulio mwanzoni mwa makala), aya ya mwisho ya utangulizi na majedwali. Hivyo ndivyo wahariri wengi wanavyousoma muswada mara ya kwanza, nami nimeisoma miswada kwa namna hiyo kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mhakiki na baadaye mhariri msaidizi. Tena sababu mbili alizokuandikia zina mzizi mmoja. Makala ambayo haijasema inadai nini haiwezi kuonekana inafaa kwa wasomaji wowote mahususi, kwa kuwa hakuna ajuaye ni akina nani wangelihitaji dai hilo.

Kosa, kwa maoni yangu, lilianza pale uliposema kwamba uliipunguza tasnifu. Tasnifu iliyopunguzwa ni tasnifu fupi. Iliandikwa kwa ajili ya watahini, ambao kazi yao ni kujiridhisha kwamba umesoma maandiko ya fani, unazijua mbinu na unaweza kuendesha utafiti. Ndiyo maana ina sura nzima ya mapitio ya maandiko na kila jedwali ulilolitoa. Msomaji wa jarida hakufanyii mtihani. Anataka kujua ni jambo gani leo anaweza kulitegemea ambalo jana hakuwa nalo, na anataka kuuona ushahidi wake kwa uwazi wa kutosha ili aukubali au aukatae. Makala hupatikana kwa kuchagua dai moja ndani ya tasnifu na kuliandikia upya, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujagusa faili lolote, uchukue karatasi tupu na kuandika sentensi moja inayosema ulichogundua. Sentensi kama “Utafiti huu ulichunguza ubora wa maji ya visima katika majira mawili” haitoshi, kwa sababu inaeleza shughuli, na shughuli haina mtu wa kuibishia. Tuseme badala yake umeandika hivi: “Mvua ziliongeza bakteria wa kinyesi katika visima visivyojengewa kuta kwa ndani, lakini hazikuonyesha ongezeko kama hilo katika visima vilivyojengewa.” Hapo mtafiti mwenye data zake anaweza kusimama na kusema, la, kwetu haikuwa hivyo. Mimi hupima dai kwa swali hilo tu: je, yupo mtu anayeweza kulipinga kwa ushahidi? Kama hayupo, bado hatujapata makala.

Ukishaipata sentensi hiyo, iweke mbele ya majedwali yako kumi na manne na ujiulize kuhusu kila moja iwapo sentensi itapungua nguvu likiondolewa. Sidhani kama yatabaki zaidi ya manne au matano. Mengine yanaweza kwenda kwenye viambatisho vya mtandaoni ambavyo majarida mengi huvipokea, na mengine yabaki salama ndani ya tasnifu yalikozaliwa. Kuna kishawishi hapa cha kukata utafiti mmoja vipande vyembamba ili zipatikane makala nne badala ya moja. Usikifuate. Wahariri huutambua ukataji huo kwa urahisi, kwani visima ni vilevile, miezi ni ileile, na kila makala inaiba nguvu ya mwenzake.

Jarida lichaguliwe baada ya dai kupatikana, na kabla ya kuanza kuandika. Dalili nzuri kuliko zote unayo tayari: orodha ya marejeleo yako mwenyewe. Hesabu ni majarida gani yanajirudia humo, kwa maana hao ndio watu unaozungumza nao. Kisha soma tamko la malengo na mipaka ya kila jarida, na usiishie hapo. Soma makala tatu au nne zilizotoka karibuni, uone kama kuna hata moja inayouliza swali la aina yako. Dai letu la mfano juu ya kuta za visima lingewahusu wahandisi wa maji kwa namna moja na wataalamu wa afya ya jamii kwa namna nyingine, na utangulizi utakaowaandikia hawa hautafanana na utakaowaandikia wale. Usisukumwe na ukubwa wa kigezo cha athari. Hicho ni wastani wa jinsi makala za miaka miwili iliyotangulia za jarida zima zinavyorejelewa. Hakisemi lolote juu ya makala yako, wala hakikuhakikishii kwamba wale unaotaka wakusome hulisoma jarida hilo.

Sasa ile barua pepe. Ada peke yake si alama ya ulaghai, maana majarida mengi ya kweli ya ufikiaji huria, yale ambayo yeyote huyasoma bure, hulipiwa na waandishi, na mengi yao hupunguza au kufuta ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, mradi uombe mapema, na mara nyingi kabla muswada haujakubaliwa. Alama ya ulaghai ni ile ahadi. Hakuna mhariri mwaminifu anayeweza kuahidi kuchapisha kazi ambayo hakuna mhakiki aliyeisoma, na wiki moja haitoshi hata kuwapata wahakiki wawili waliokubali kuisoma. Litafute jarida hilo katika orodha ya DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya majarida ya ufikiaji huria. Angalia kama wenye jarida ni wanachama wa COPE, chombo cha maadili ya uchapishaji kilichoanza mwaka 1997. Na pitia maswali ya Think. Check. Submit., ambayo tangu mwaka 2015 yamewasaidia wengi kujihoji kabla ya kutuma. Waandikie wajumbe wawili wa bodi ya uhariri kupitia anwani za vyuo vyao na uwaulize kama kweli wanalihudumia jarida hilo, kwani majina huwekwa bila wenyewe kujua. Jihadhari pia na tovuti zinazoiga jina la jarida halisi. Nasisitiza haya kwa sababu madhara yake hayaishii kwenye fedha. Makala ikishatoka huko huwezi kuipeleka penye heshima, na nimewahi kumsaidia mwandishi kijana ambaye alidaiwa ada nyingine ili tu muswada wake uondolewe.

Kuhusu kutuma kwa majarida mawili kwa pamoja, jibu ni hapana, na hakuna mazingira yanayolibadilisha. Wakati wa kuwasilisha utathibitisha kwamba muswada hauko mahali pengine, kwa hiyo utakuwa umesema uongo kwa maandishi. Wahakiki husoma bila malipo, kwa saa wanazozitoa kwenye kazi zao, na fani yako ni ndogo kiasi kwamba mhakiki yuleyule anaweza kuupokea muswada wako kutoka pande mbili. Yakikubali yote mawili, umeingia katika uchapishaji wa mara mbili. Kinachoruhusiwa, na ambacho huenda kitakutuliza, ni kuuweka muswada kwenye hifadhi ya makala tangulizi, yaani makala ambazo bado hazijahakikiwa na jarida, kama bioRxiv, iliyoanza mwaka 2013, ikifuata njia ambayo wanafizikia waliifungua kwa arXiv tangu mwaka 1991. Humo kazi huonekana mapema ikiwa na tarehe yake, na majarida mengi hayaihesabu kuwa imekwisha kuchapishwa; hata hivyo soma sera ya jarida ulilolichagua kwanza. Tasnifu iliyowekwa kwenye hifadhi ya chuo nayo kwa kawaida haizuii, lakini itaje kwenye barua yako ili isionekane umeificha.

Tuje kwenye uandishi wenyewe. Muundo wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala ndio msomaji atakaoukuta katika majarida mengi, lakini kuusoma kwa mfuatano huo hakukulazimishi kuuandika hivyo. Mimi humshauri kila mwandishi mpya aanze na vielelezo na majedwali, aandike matokeo kwa kuyafuata, arudi kwenye mbinu, ndipo aende kwenye utangulizi na mjadala, na amalizie na ikisiri na kichwa. Anayeanza na utangulizi hujikuta ameandika kurasa sita juu ya umuhimu wa maji duniani, jambo ambalo hakuna msomaji wake anayelibishia.

Sehemu ya mbinu ndiyo ninayotaka uipe muda mwingi kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayouokoa au kuuangusha utafiti wa aina yako. Mtu mwingine aweze kuurudia utafiti huo kwa kusoma maneno yako tu. Visima vilichaguliwaje: kwa kura, kwa urahisi wa kufikika, au kwa sababu wenyewe walikubali? Maji yalichotwa saa ngapi za siku, baada ya siku ngapi tangu mvua kubwa, kwa chombo gani kilichosafishwa vipi? Sampuli zilihifadhiwa katika joto gani, na zilipita saa ngapi kabla ya kupimwa? Mhakiki wa fani hii ataangalia saa hizo kabla ya kitu kingine chochote, maana bakteria ndani ya chupa huendelea kufa au kuongezeka. Ujazo uliopimwa ulikuwa upi? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka E. coli, bakteria wanaoashiria uchafu wa kinyesi, wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa, kwa hiyo aliyepima ujazo mdogo zaidi aeleze ni kwa nini, na atalinganishaje matokeo yake na kipimo hicho. Na pale ambapo hukuona bakteria wowote, usiandike sifuri kana kwamba umethibitisha hawapo. Sema wako chini ya kikomo cha utambuzi, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho kipimo chako kinaweza kukiona, utaje kikomo hicho, na ueleze uliziingizaje thamani hizo kwenye hesabu.

Kuna jambo la takwimu ambalo nimeliona likiangusha miswada mizuri mara nyingi kiasi kwamba siwezi kulipita. Tuseme ulikuwa na visima 46, na kila kimoja ulikipima mara mbili, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Hivyo si visima 92. Ni visima 46 vyenye vipimo vya jozi, na kipimo cha kitakwimu kinachovichukulia kama vitu 92 visivyohusiana kitakupa majibu yasiyo sahihi, hata kama programu ya kompyuta itayatoa bila kulalamika. Hesabu za bakteria nazo hazikai kwa ulinganifu. Visima vichache vichafu sana huuvuta wastani wa kawaida hadi usiwakilishe kisima chochote. Ndiyo maana wataalamu hubadilisha hesabu hizo kuwa logi (logariti) au hutumia wastani wa kijiometri, usiovutwa kirahisi na thamani chache kubwa. Kama katika tasnifu ulitumia wastani wa kawaida, rudi kwenye data sasa, kabla mhakiki hajakurudisha huko.

Unapoyaeleza matokeo, toa ukubwa wa tofauti pamoja na masafa ya uhakika ya asilimia 95, yanayoonyesha kadirio lako lina uhakika kiasi gani, na thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hiyo au zaidi ikiwa kwa kweli hakuna tofauti) iandikwe yenyewe, kwa mfano 0.03, badala ya kusema tu kwamba ni ndogo kuliko 0.05. Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kikikumbusha kwamba thamani hiyo haipimi ukubwa wa athari wala umuhimu wa matokeo. Msomaji anayetaka kuamua kama ajenge ukuta wa kisima anahitaji kujua bakteria waliongezeka mara mbili au mara hamsini. Pia usiandike alama ya kujumlisha na kutoa bila kusema kama namba inayofuata ni mkengeuko sanifu au kosa sanifu. La kwanza huonyesha vipimo vimetawanyika kiasi gani. La pili huonyesha wastani umekadiriwa kwa uhakika gani, na daima huwa dogo zaidi. Anayelitumia la pili ili data zake zionekane zimetulia anamdanganya msomaji, hata kama hakukusudia.

Ikiwa ulihusisha pia afya za watu wa kaya zinazotumia visima hivyo, fuata mwongozo wa uandishi unaohusu aina ya utafiti wako: STROBE wa mwaka 2007 kwa tafiti za uchunguzi, CONSORT kwa majaribio ya tiba yenye mgawanyo wa nasibu, PRISMA, ambao toleo lake lililohuishwa huitwa PRISMA 2020, kwa mapitio ya kimfumo. Orodha zake za vipengele zinapatikana bure, na majarida mengi ya afya hukutaka uijaze na kuiambatisha.

Vielelezo visikuchukulie siku nyingi. Kichapishe kila kimoja kwa upana wa safu moja ya jarida, ambao mara nyingi ni kati ya sentimita 8 na 9, ukiweke mezani na ukisome ukiwa umekaa wima. Kama herufi hazionekani, zikuze. Picha ziwe na angalau nukta 300 kwa inchi, na usitofautishe makundi kwa nyekundu na kijani peke yake, kwa kuwa wapo wasomaji wasioziona kuwa rangi mbili.

Utangulizi wa makala yako unaweza kuwa wa aya nne. Sema kinachojulikana, sema kisichojulikana, sema ulichofanya. Pengo lako lisiwe “hakuna utafiti kama huu uliofanyika katika eneo hili,” sentensi ninayoikuta karibu katika kila muswada wa wanaoanza. Kuna maeneo mengi sana ambayo hayajafanyiwa utafiti, na mhariri hawezi kuyachapisha yote. Eleza kwa nini eneo lako linatufundisha jambo ambalo maeneo yaliyochunguzwa hayawezi kutufundisha: labda udongo ni wa aina nyingine, labda mvua zake huja kwa ghafla, labda hapo peke yake visima vya aina zote mbili vimechimbwa bega kwa bega. Kule kwenye mjadala, anza na jibu la swali lako katika sentensi ya kwanza, linganisha na wengine, na useme mipaka ya kazi yako kabla mhakiki hajaisema. Visima vilivyojengewa huenda ni vya watu wenye uwezo ambao pia wana vyoo bora vilivyo mbali zaidi. Basi ukuta huenda si sababu pekee. Ukikiri hivyo, dai lako litakuwa dogo kidogo na imara zaidi.

Ikisiri ndiyo itakayosomwa na wengi ambao hawatafungua makala yenyewe. Majarida mengi huiwekea kikomo cha maneno 250 hivi. Iwe na namba halisi za matokeo makuu, idadi ya visima na ile sentensi yako moja. Maneno kama “matokeo yanajadiliwa” yanachukua nafasi bila kumpa msomaji kitu.

Hukuuliza juu ya majina ya waandishi, lakini ninalitaja kwa kuwa nimeona urafiki wa miaka ukivunjika hapo. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo mizizi yake ni kikao cha Vancouver cha mwaka 1978, inataka kila mwandishi atimize masharti manne yote kwa pamoja: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti au katika kukusanya, kuchambua au kufasiri data, awe ameandika au kuupitia muswada kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Aliyetafuta fedha tu, au aliyekuazima maabara, hushukuriwa mwishoni. Zungumza na msimamizi wako kwa heshima na mapema juu ya nani anatajwa kwanza. Makala inayotokana na tasnifu kwa kawaida humtanguliza mwanafunzi, na mazungumzo hayo ni mepesi kabla muswada haujakamilika kuliko baada yake. Vilevile kamati hiyo na COPE waliweka wazi mwaka 2023 kwamba programu za akili unde haziwezi kuwa mwandishi, kwa sababu haziwezi kuwajibika, na kwamba matumizi yake lazima yatajwe. Ukizitumia kunyoosha lugha, sema hivyo. Usiziachie zikuletee marejeleo, kwani hubuni makala ambazo hazipo, na kila rejeleo unaloliweka uwe umelifungua na kulisoma mwenyewe.

Namba ya kibali cha kamati ya maadili iandikwe ndani ya sehemu ya mbinu kama uliwahoji watu. Kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma, kwa hiyo kama hukuwa nacho, data za mahojiano hazitachapika katika jarida linalojiheshimu. Utaombwa pia useme data zako zinapatikana wapi. Ziweke wazi kadiri unavyoweza, ila viwianishi kamili (namba zinazoonyesha mahali hasa kilipo kisima) vya visima vya watu binafsi uvifiche au uvikadirie, maana hakuna mwenye kisima aliyekukubalia uitangazie dunia kwamba maji yake ni machafu.

Barua ya kuwasilisha muswada isizidi ukurasa mmoja. Mhariri asikute humo ikisiri iliyonakiliwa. Akute dai lako, sentensi mbili za kwa nini wasomaji wa jarida lake hasa watalihitaji, taarifa kwamba kazi inatokana na tasnifu, na uthibitisho kwamba haiko mahali pengine. Ukiombwa kupendekeza wahakiki, taja watu uliowarejelea ambao hujawahi kufanya nao kazi, kwa anwani zao za kitaasisi. Ikiwa jarida huficha majina ya waandishi, ondoa jina lako hata kwenye sifa za faili na katika maneno kama “katika tasnifu yetu ya awali.” Jisajili ORCID, ile namba ya tarakimu 16 inayokutofautisha na wenye jina kama lako. Kisha tenga nusu siku nzima kwa ajili ya mfumo wa kuwasilisha, na kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho lifungue faili lililounganishwa na mfumo, ulisome lote. Alama za hisabati na majedwali hupenda kuharibika hapo.

Baada ya hapo utasubiri. Miezi miwili au mitatu ni kawaida, na ukivuka muda ambao jarida limeutaja, barua fupi ya heshima kwa ofisi ya uhariri haimuudhi mtu. Ukiambiwa ufanye marekebisho makubwa, furahi, kwa sababu mlango umefunguliwa. Nakili kila hoja ya mhakiki, andika jibu lako chini yake, na utaje mstari ambao umebadilishwa. Ukitofautiana naye, tofautiana kwa ushahidi. Na usimjibu siku hiyohiyo. Mwaka 1936 Albert Einstein na Nathan Rosen walituma kwa jarida la fizikia la Physical Review makala iliyodai kwamba mawimbi ya graviti hayapo. Mhariri, John Tate, aliipeleka kwa mhakiki, ambaye aliandika maoni marefu yaliyoonyesha kasoro. Einstein alikasirishwa na kitendo cha kumwonyesha mtu mwingine kazi yake kabla haijachapwa, akaiondoa. Kasoro ilikuwepo kweli. Makala ilitoka mwaka uliofuata katika Journal of the Franklin Institute, na hitimisho lake lilikuwa limebadilika. Ninawaeleza wanafunzi kisa hiki kila mwaka, kwa kuwa mhakiki anayekukera ndiye aliyekusoma kwa makini.

Kwa sasa usiijibu ile barua pepe, wala usilijibu jarida la kwanza kwa kulalamika. Wiki hii andika ile sentensi moja, umpelekee msimamizi wako sentensi peke yake, bila faili, na umwombe ajaribu kuipinga. Ikiwa utabaki na sentensi mbili zinazogombana na huoni ipi iongoze, niandikie zote mbili pamoja na majedwali yanayozibeba, nami nitakuambia ni ipi ningeisoma kwanza kama ingefika mezani kwangu.